Behewa la ng'ombe la EAR, Malampaka, kabla ya 1977: nifuate picha ipi?

Mwana_Malampaka:

Wakuu, heshima kwenu.

Najenga kituo cha Malampaka kwa modeli, skeli ya 1:22.5, juu ya reli ya milimita 45. Hesabu yake nimeipenda kwa sababu haina longolongo: 45 mara 22.5 unapata 1012.5, na reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1000. Kipindi changu ni miaka ya mwisho ya East African Railways, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Pamba, ng'ombe, na akina mama wanauza mihogo ya kuchemsha dirishani. Jengo la kituo nimemaliza. Mti wa mwembe nimemaliza. Kilichonikwamisha ni behewa la ng'ombe.

Nina mashahidi watatu na hawakubaliani.

Wa kwanza ni picha ya rangi ya familia. Baba mdogo amesimama mbele ya behewa, suruali ya bugaluu, mkono kiunoni. Nyuma yake zinaonekana mbao za ubavuni zenye nafasi katikati, nusu ya mlango, gurudumu moja na herufi E na A. Behewa lote ni jekundu kama tofali. Nyuma imeandikwa kwa kalamu "Malampaka 1975".

Wa pili ni picha nyeusi na nyeupe niliyoipata mtandaoni, behewa zima kutoka ubavuni, safi kabisa, rangi ya kijivu nyepesi, namba zote zinasomeka. Imepigwa kiwandani Uingereza. Linafanana sana na la baba mdogo, ila mlango naona umekaa tofauti.

Wa tatu ni behewa lenyewe, limeachwa kwenye reli ya pembeni upande wa Mwanza, majani yamepanda hadi kwenye ekseli. Hili naweza kulishika. Lakini lina herufi za TRL (Tanzania Railways Limited, ya miaka ya baadaye), na ubavu mmoja umezibwa kwa bati.

Maswali yangu: nifuate yupi kati ya hawa? Vipimo nivitoe vipi? Baba mdogo alikuwa na urefu wa futi tano na inchi nane, nimefikiria nimtumie yeye kama rula. Na rangi je?

Vifaa ninavyotumia ni vya hapa hapa: vijiti vya mishikaki kwa mbao za ubavuni, bati la kopo la soda kwa sehemu za chuma, ribiti nazigonga kwa msumari butu upande wa nyuma wa bati. Kwa hiyo msiniambie niagize seti Ujerumani.

---

Kijana_wa_Pugu:

Kaka, si uchukue SGR tu? Reli ya milimita 16.5 inauzwa kila mahali duniani, na kwa skeli ya 1:87 inatoa 1435 na nusu, karibu sawa kabisa na 1435 ya SGR. Mabehewa mapya, picha kibao, rangi zinajulikana. Unajitesa na mabehewa ya ng'ombe.

---

Mwana_Malampaka:

Kijana, SGR haikufika Malampaka mwaka 1975. Na ng'ombe waliokuwa wanashushwa huko kwenu Pugu walikuja na hili hili behewa unalolidharau.

---

Yadi_ya_Nairobi:

Karibu kwenye ugonjwa huu, ndugu. Mimi natengeneza upande wa Kenya, skeli ya 1:87 kwenye reli ya milimita 12. Yangu haitoki sawasawa kama yako: 12 mara 87 ni 1044, yaani reli yangu imezidi ile halisi kwa milimita 44 na imepungukiwa na milimita 23 kufikia ile ya TAZARA yenye 1067. Nimekaa katikati ya reli mbili, na sijali, kwa sababu ukitazama treni kutoka ubavuni huoni. Natengeneza treni la mafuta la Mombasa–Nairobi la kabla ya 1978, kabla bomba la mafuta halijafunguliwa, matanki yamefuatana nyuma ya Garratt, injini kubwa ya mvuke, la daraja la 59. Raha tupu.

Sasa, baba mdogo. Usimtumie kama rula. Amesimama mbele ya behewa, pengine hatua mbili tatu karibu zaidi na kamera, kwa hiyo picha imemkuza kuliko kilicho nyuma yake. Ukimtumia yeye, behewa lako litatoka fupi na la chini. Rula ya kwenye picha lazima iwe kitu kilichokaa kwenye bapa lilelile na unachokipima. Kwako kipo: gurudumu. Nenda kwa yule shahidi wa tatu, pima kipenyo cha gurudumu lake, kisha kwenye picha pima gurudumu hilohilo na ujue kila milimita ya picha ni milimita ngapi za kweli. Ila hakikisha kwanza kwamba ni aina ileile ya magurudumu. Tazama umbo la boksi la ekseli na springi zake.

Ukipata picha iliyopigwa kutoka mbele au nyuma ya behewa, rula unayo bure: kutoka uso wa ndani wa reli moja hadi uso wa ndani wa nyingine ni mita moja. Na ukipata picha ya behewa bapa lililobeba kontena, hiyo ni zawadi, kwa sababu kontena la futi 20 lina urefu wa milimita 6058 na upana wa 2438 popote ulipo duniani. Kwa skeli yako ni kama sentimita 27 kwa 11.

Halafu fika Nairobi siku moja uone jumba la makumbusho la reli, lipo tangu 1971. Watu wote wanakimbilia Garratt namba 5918, Mount Gelai, wanapiga picha, wanaondoka. Wewe kaa upande ambao watu hawaendi. Piga picha viungio, ngazi, vishikizo, boksi za ekseli, mabomba ya breki chini. Utaona kwanza kwamba hakuna zile bafa mbili za pembeni (vyuma vya kupokea mgongano) za mabehewa ya Uingereza. Kwetu kiungio kiko katikati. Nimeona modeli ya mtu mmoja, kazi nzuri ajabu, ubao kwa ubao, halafu mwishoni ameweka bafa mbili. Niliumia.

Jambo moja la kukufurahisha: kwa kipindi chako si lazima mabehewa yote yawe ya Tanganyika. Kuanzia 1948 shirika lilikuwa moja kwa nchi zote tatu. Reli ya Kati na ya Tanga ziliunganishwa kwa kipande cha Ruvu–Mnyusi mwaka 1963, na ziwani zilikuwepo meli za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru, Kisumu hadi Mwanza. Behewa lililoanzia maisha Kenya likisimama Malampaka, hakuna atakayekucheka.

---

Bi_Mkubwa_Leicester:

Assalaam aleikum. Mimi si fundi, ni mama wa fundi. Mwanangu ana miaka kumi na sita na chumba chake hakina pa kukanyaga, kwa hivyo mambo haya nimeyajua kwa lazima. Sisi kwetu Unguja tulikuwa na reli ya Bububu tu, na yenyewe ilishang'olewa kabla mama yangu hajazaliwa, sijui huyu karithi kwa nani.

Nakuja kwa hiyo picha yako ya kijivu. Mwanangu aliniambia nikuandikie: usiifuate kwa rangi. Viwanda vya Uingereza vilikuwa na desturi, behewa au injini ya kwanza ya oda ikitoka, inapakwa rangi ya kijivu maalumu kwa ajili ya kupigwa picha, mistari na herufi zionekane vizuri kwenye filamu. Ikishapigwa picha inapakwa rangi yake halisi. Pengine hupakwa upande ule mmoja tu unaotazama kamera. Watu wamejenga modeli za kijivu wakaapa ndio ukweli wenyewe, na behewa halikutembea kijivu hata siku moja.

Lakini kwa umbo picha hiyo ni dhahabu. Mpigaji alisimama mbali na akalenga katikati, makusudi, ili vipimo visipinde. Na kama jina la kiwanda linasomeka, basi kuna pa kugonga hodi. Kumbukumbu za Gloucester Railway Carriage and Wagon zimehifadhiwa kwenye nyaraka za mkoa wa Gloucestershire. Za Beyer Peacock, waliojenga zile Garratt, ziko Manchester kwenye jumba la sayansi na viwanda. Unaandika barua pepe, unataja nchi, mwaka, aina ya behewa. Usiwaandikie "nataka picha za mabehewa ya Afrika", watakujibu kwa adabu na hutopata kitu. Michoro ya wakati ule iko kwa futi na inchi, na futi moja ni milimita 304.8, kwa skeli yako mwanangu anasema inakuja 13 na nusu na kidogo.

Na picha ya marehemu baba yako mdogo (au yu hai? nisamehe) nayo usiiamini kwa wekundu wake. Picha za rangi za miaka ile zikikaa hupoteza rangi ya samawati kwanza, zikabaki na wekundu wekundu. Tazama kitu unachokijua rangi yake kwenye picha hiyohiyo. Shati likiwa jeupe na limekuwa la waridi, basi ujue na behewa limesogea.

---

Mwana_Malampaka:

Yu hai, Bi Mkubwa, na amecheka sana nilipomsomea. Shati anasema lilikuwa jeupe. Kwenye picha ni la waridi.

---

TXR_Mstaafu:

Mwanangu, nimekaa kimya nikisoma, sasa acha niseme. Nilikuwa TXR, mkaguzi wa mabehewa. Kazi yangu ilikuwa kutembea na treni kutoka mwisho hadi mwisho, nyundo mkononi na taa usiku, kabla gadi na dereva hawajaruhusiwa kuondoka. Nimeyatazama mabehewa kwa chini zaidi kuliko kwa juu, kwa hiyo juu watakusaidia wenzangu.

Umeuliza nifuate shahidi yupi. Nakuuliza na mimi: unajenga behewa lipi? Usiniambie "behewa la ng'ombe la EAR". Hilo halipo. Lipo namba fulani, mwaka fulani, likiwa limetoka karakana au linangoja kwenda. Mabehewa mawili ya oda moja, yametoka kiwanda kimoja juma moja, baada ya miaka kumi si ndugu tena. Moja limegongwa mlango likawekewa wa behewa jingine. Moja limebadilishwa sakafu. Hiyo ndiyo sababu mlango wako "umekaa tofauti". Si kwamba shahidi mmoja anadanganya. Picha ya kiwandani inakuonyesha siku ya kuzaliwa, na baba yako mdogo anakuonyesha behewa limeshafanya kazi. Wewe unajenga 1975. Basi 1975 ndiyo hakimu, wale wengine wawili ni wa kujaza mahali ambapo picha ya 1975 imekatika. Pale zinapogongana, fuata ya Malampaka.

Yule wa Mwanza mpime, lakini mpime kuanzia sakafu kwenda chini. Chasisi na magurudumu havibadilishwi ovyo. Ubavu usiuamini. Na kipenyo cha gurudumu ambacho kijana wa Nairobi amekuambia, kumbuka gurudumu likilika linachongwa upya karakana, linapungua. Hata likipungua milimita 20, kwenye skeli yako haifiki milimita moja, kwa hiyo usikose usingizi.

Kabla ya kulipima, nenda kwa stesheni masta ukajieleze. Mwonyeshe picha za modeli yako kwenye simu. Mtu anayezunguka yadi na tepu na kamera bila ruhusa anafikiriwa mwizi wa chuma, na si bure, maana wapo. Mkiwa wawili ni bora, mmoja ashike rula ya mita kwenye ubavu wakati mwenzake anapiga picha. Simama mbali kadiri nafasi inavyoruhusu kisha vuta kwa kamera. Ukisogea karibu na simu, mwanzo na mwisho wa behewa vinapinda.

Chukua kipande cha sandpaper laini pia, lakini omba kwanza. Chini ya herufi za TRL, ukitazama jua likiwa limelala asubuhi, mara nyingi utaona herufi za nyuma zimevimba chini ya rangi. Ndiyo historia yetu hiyo. Kabla ya 1948 Kenya na Uganda walikuwa na KUR yao na sisi Tanganyika Railways. Kisha East African Railways and Harbours. Mwaka 1969 bandari zikatengwa. Mwaka 1977 tukagawana, TRC (Tanzania Railways Corporation) huku, Kenya Railways na Uganda Railways kule. Mali yenyewe mgawo wake haukusainiwa mpaka 1984 chini ya yule msuluhishi Mswisi, Umbricht. Mwaka 2007 ikaja TRL, na 2017 tukarudi kwenye jina la TRC. Kwa hiyo picha isiyo na tarehe ikiwa na herufi TRC, usikimbilie kusema ni ya zamani: yaweza kuwa ya 1980 au ya juzi. Tazama kingine, mavazi, nguzo za simu, au kichwa cha treni kama kimeingia.

Sasa rangi. Sitakutajia jina la rangi, kwa sababu behewa la ng'ombe likishafanya kazi lina rangi ya kazi yake. Anzia na redioksaidi ya dukani iliyochanganywa na kijivu kidogo, halafu iharibu kwa mpangilio. Mkojo wa ng'ombe na kinyesi vinashuka kwenye nafasi za mbao, vinapita kwenye ukingo wa sakafu, vinatiririka chini kwenye chasisi. Hapo ndipo chuma kinaliwa kwanza. Kwa hiyo kutu yako iwe nzito kwenye ukingo wa sakafu na chini ya milango, na nyepesi juu. Nimeona modeli za watu wamepaka kutu juu ya paa na pembeni kote sawasawa, kama mchuzi uliomwagika. Kutu ina sababu, ifuate sababu yake.

Mbao zenyewe kwa ndani zimesuguliwa na ubavu wa ng'ombe hadi zinang'aa, kwa usawa wa mbavu na mabega. Nje zimepauka kwa jua. Vijiti vyako vya mishikaki ni vyeupe mno, viloweshe kwenye chai ya rangi iliyokolea kwanza, vikauke, ndiyo upake.

Vumbi: behewa linalokaa upande wenu lina vumbi la mbuga, jeusi-kijivu, lililogandia kwenye boksi za ekseli zenye mafuta. Likitoka safari ya Dodoma na Manyoni limekuja na vumbi jekundu juu yake. Likipita Kilosa–Gulwe masika, mto Mkondoa umejaa, limekuja na tope. Wewe uamue linatoka wapi. Kama linasubiri kupakia, limetoka Dar tupu, basi weka wekundu juu ya weusi.

Magurudumu: sehemu inayogusa reli ndiyo inang'aa, basi. Uso wa nje ni kahawia-nyeusi ya unga wa breki na mafuta. Boksi za ekseli za zamani zilikuwa za kujazwa pamba chakavu iliyolowa mafuta, na mafuta yalivuja, kwa hiyo chini ya kila boksi na kwenye gurudumu lililo nyuma yake pana weusi wa kulowa. Moja likikauka linawaka moto njiani, na hapo TXR ndiye anaulizwa.

Mwisho, weka chaki. Sisi tuliandika kwa chaki ubavuni, alama zetu, kituo cha kwenda, "mgonjwa" kama behewa lina kasoro. Behewa la mizigo lisilo na chaki ni la makumbusho.

---

Yadi_ya_Nairobi:

Mzee, heshima. Nimetoka kupaka kutu juu ya paa la behewa langu wiki hii. Naenda kuifuta sasa hivi.

Mwana_Malampaka, baada ya maneno ya mzee nimefikiria namba. Kwenye picha ya baba mdogo, je, hakuna tarakimu hata moja? Ukiwa na tarakimu mbili na aina ya behewa, unaweza kuwapa wale wa Gloucester kitu cha kutafuta. Nyaraka za viwanda huandikwa kwa oda, kila oda na namba zake za kuanzia na kumalizia.

---

Mwana_Malampaka:

Nimeipeleka picha studio, wameiskani kwa ukubwa mkubwa. Chini ya mlango, pembeni ya mguu wa baba mdogo, ipo 4 kamili na kitu kama 7 au 1. Pia pameonekana kitu ambacho sikukiona mwanzo: kifaa kidogo cha chuma kimepigiliwa kwenye chasisi, ndani yake pana karatasi. Mzee TXR, hiyo ni nini? Na ribiti zake naona ziko mbili tu.

Uamuzi wangu: umbo la jumla nalichukua kwa picha ya kiwandani, mlango kwa baba mdogo, kila kilicho chini ya sakafu kwa yule wa Mwanza. Stesheni masta nimeonana naye, amekubali Jumamosi, kwa sharti kwamba modeli ikiisha niipeleke kituoni watu waione. Namba nitaandika 4 na 7 na zilizobaki nitazifunika kwa mguu wa ng'ombe anayepakiwa.

---

TXR_Mstaafu:

Hicho ni kishikizo cha lebo. Karatasi ina kituo cha kupakia, kituo cha kwenda, aina ya mzigo na tarehe. Ribiti mbili zinatosha, ni kibati chepesi. Ikate kwenye bati lako la soda, upinde kingo tatu, juu uache wazi ili karatasi iingie. Andika Pugu.

---

Kijana_wa_Pugu:

Sawa, nimesalimu amri. Ukimaliza lilete Pugu tulipokee.